Ndani ya Kihenge

Kila nikifungua debe la ulezi, harufu yake hunirudisha ndani ya kihenge cha mama. Mama alikuwa shambani radi zilipoanza kupasuka juu ya mibuni. Nilipanda ngazi, nikajitumbukiza kihengeni, nikashusha kifuniko cha nyasi. Mdogo wangu, asiyeweza kupanda peke yake, alibaki chini.

Gizani, ulezi ukinifunika magoti, hofu iliniisha. Nilijua Mungu yumo humo pamoja nami, nikafurahi hadi nikaimba.

Mvua ilipokatika mama alirudi, akamkuta mdogo wangu amekumbatia nguzo ya kihenge, amelowa chepechepe.

“Hamkuogopa?” aliuliza.

“Sikuogopa, mama. Mungu alikuwa nami.”

Mdogo wangu aliniangalia. “Nilikusikia ukimwimbia, dada,” akasema. “Nikagonga.”