Simba Aliyelazwa, Njia ya Nalasi

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana ya vifaa vya kufundishia pale Songea mjini alinikabidhi mwiko na maneno machache: "Hapa hatutengenezi mapambo. Kitu asichokipanda mtoto ni saruji iliyopotea." Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na kiburi changu. Nikaitikia "ndiyo, mzee," huku moyoni namcheka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Saruji ilianza kupatikana madukani bila kibali, na shule za msingi zikataka sanamu za kuchezea uwanjani: kobe mwenye magamba ya kujifunzia hesabu, mamba wa kutelezea. Tulisuka nondo ziwe mifupa, tukazivika wavu wa kuku, tukakandika saruji na mchanga. Kisha tulifunika magunia na kuyamwagia maji kila siku, ili sanamu ikomae bila kupasuka. Nilizunguka Lusewa, nikaenda mpaka Mbesa, nikilala madarasani na kula ugali wa wazazi. Nilikuwa na raha ambayo mshahara haukuieleza.

Ndipo Afisa Elimu akaagiza simba kwa shule moja njia ya Nalasi. Nilimsimamisha mdomo wazi, meno yote nje. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Tulipoondoa magunia, watoto walirudi nyuma mpaka ukutani, na kesho yake madarasa yakawa nusu tupu.

Mwalimu Mkuu alinieleza kwa upole kwamba msimu uliopita simba alikuwa amekula watu wa kijiji kile wakilinda mpunga. "Wazazi wamegoma kuleta watoto. Shule inanifia mkononi, fundi."

Nilichukua nyundo nimvunje. Mama Zuhura akanikuta uwanjani. Mumewe alikuwa mmoja wa walioliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usimvunje, mwanangu. Mlaze."

"Nimlaze vipi?"

"Kama wanavyolala simba wanaopigwa risasi na bwana nyama, yule askari wa wanyamapori. Yule wetu alitoroka, hatukumwona amekufa. Mlaze huyu tumwone."

Nikavunja miguu, nikakata nondo, nikamlaza ubavu na kumfumba macho na mdomo. Iliniuma, sitaki kudanganya. Siku ya kuondoa magunia kijiji kizima kilikuja, na hakuna aliyesogea. Mama Zuhura akavua kandambili, akapanda, akakaa juu ya mbavu zake. Akamnyooshea binti yake mkono. "Njoo, Zuhura. Huyu hainuki tena."

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kuchuchumaa. Mafundi vijana huniuliza kazi yangu ipi ilikuwa bora, wakitegemea niwasifie yule aliyesimama. Alikuwa mzuri, sibishi. Lakini ninayemkumbuka ni yule aliyelala, na Mama Zuhura juu yake akimlilia mumewe kwa sauti, watoto wakimpanda simba huku na huku wakicheka, na wazazi wote wakiwaacha wacheke.