Yule Bibi Analala Wapi

Siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua nilimpigia mume wangu simu, nikamwambia aniletee gemu yangu, la sivyo atakuja kunikuta nimeota mizizi. Nilikuwa kwa mama yangu, Kaole, ndani ya arobaini, na mama ni mtu wa arobaini kamili. Alfajiri ananikanda kwa maji yanayofuka moshi, ananifunga mkaja tumboni mpaka pumzi inakuwa fupi, kisha uji wa pilipili manga, kisha "lala". Mimi ni fundi simu. Nimezoea kushinda mezani kwangu sokoni Bagamoyo, watu wanakuja na vioo vilivyopasuka pamoja na umbea, na vyote viwili navishughulikia. Kulala mchana kwangu ni adhabu.

Meza hiyo ndiyo iliyokuwa ikininyima raha. Fundi mwenzangu alinipigia akasema kuna mtu anaizungukazunguka. Nikaamua kwamba siku ya ishirini na moja naondoka, liwalo na liwe, na mama nikamwambia hivyo hivyo. Hakugomba. Alisema, "Arobaini ni arobaini," akaenda kutazama jiko lake.

Gemu ilipofika nikaichomeka kwenye runinga ya chumbani, nikaketi mkekani, nikapumua. Ni ya kupigana, ninayo tangu kabla ya ndoa, na nisijisifu sana, mtaani kwetu hakuna mwanamume aliyewahi kunipiga mara mbili mfululizo. Mwanamke mwenye mkuki anapambana na adui mmoja. Akishinda, mlango unafunguka, anaingia katika chumba cha mapumziko chenye moto na mkeka. Humo yumo bibi mmoja anayetwanga dawa. Mwenye mkuki anatibiwa, halafu anatokea mlango wa pili kwenda kwa adui mwingine. Chumba hicho miaka yote nilikuwa nakipita mbio. Naingia, nabonyeza kitufe cha dawa, natoka. Nani anakaa kutazama ukuta wakati kuna mtu wa kupigwa huko nje?

Mama vita hakuvipenda. Mikuki ikianza kugongana anarudi jikoni, ananung'unika kwamba mjukuu wake atajua ngumi kabla ya kutambaa. Lakini chumba kile kina muziki wake, filimbi moja ya polepole, na baada ya siku mbili niligundua kwamba filimbi ikilia mama anatokea. Anasimama ameegemea mwimo wa mlango, mwiko mkononi. Hakai. Nikirudi vitani, nikigeuka, hayupo.

Siku moja akauliza, "Huo moto nani anauwasha?"

"Unawaka tu, mama."

"Moto hauwaki tu. Kuni ziko wapi?"

Swali lisilo na jibu huniwasha kuliko upele. Mtoto alikuwa ananyonya, pedi ya gemu nimeishika juu ya mgongo wake, nikaizungusha picha taratibu tuone kila pembe. Nyuma ya bibi tukazikuta kuni, zimepangwa vizuri, nene chini na nyembamba juu. Nimeingia chumba kile mara ngapi sijui, na kuni zile sikuwahi kuziona. Tukakuta na mtungi wa maji, ufagio, na vikombe viwili. Mama akasogea hatua moja ndani ya chumba changu.

"Viwili," akasema. "Kwa hiyo hunywa pamoja. Mbona wewe humpi nafasi ya kunywa? Ukiingia tu, unatoka."

Basi tukawa wapelelezi. Nikaacha kutoka. Niligundua kuna kitufe cha kumkalisha mwenye mkuki karibu na moto, na kwamba akikaa vya kutosha bibi anaacha kutwanga na kusema neno. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nikamfasiria mama: "Umerudi. Moto bado upo."

Mama hakuridhika. "Na huyo binti haamkii? Anaingia kwa mtu mzima kimya, na mkuki wake mkononi?"

"Hakuna kitufe cha shikamoo."

"Waliomtengeneza hawakumlea. Mwamkie wewe."

Nikatazama kioo, nikasema, "Shikamoo, bibi." Kutoka mlangoni mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti nyembamba ya kikongwe. Tulicheka mpaka mtoto akaachia ziwa na kutushangaa.

Siku ya kumi na tisa akaja na swali jingine. Alikuwa ametazama kwa muda, uso umekunjamana. "Mkeka ni mmoja," alisema. "Analala binti. Yule bibi analala wapi?"

Nikatafuta. Nikapekua kila pembe, hakuna. Nikatoka kwenda vitani, nikajiachia nikapigwa upesi, maana anayepigwa hurudishwa humo, nione kama nitamfuma amelala. Yuko pale pale, anatwanga.

"Mama, huyu si mtu. Ni picha."

"Najua ni picha. Nimeuliza analala wapi."

Ndipo nilipomtazama yeye badala ya kioo. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo mgongo ukimsumbua, na mwiko unadondosha mchuzi sakafuni. Nikajaribu kukumbuka ni lini nilimwona mama ameketi kabla ya magharibi. Sikukumbuka. Niliona aibu, na kwa vile mimi nikiona aibu huwa mkali, nikamwambia kesho kutwa naondoka, asisahau.

Siku ya ishirini na moja nilifunga begi asubuhi. Mama akaja mlangoni, akalitazama begi, akasema, "Kabla hujaenda, washa ile nyumba ya bibi."

Nikawasha. Filimbi ikalia. Akazungumza macho yake yakiwa kwenye ule moto wa kwenye kioo.

"Nilipokuzaa wewe nilikaa ndani siku tisa. Mama yangu ameshafariki, wifi zangu wako mbali, baba yako yuko Lugoba kwenye kibarua. Siku ya kumi bamvua likaingia, maji ya bahari yakatoka mbali kuliko siku zote, na mwani wangu umekomaa kwenye kamba. Bamvua halingoji arobaini. Nikakulaza ufukweni juu ya kanga, nikaenda kuvuna. Ukawa unalia. Kila ukilia maziwa yanatoka yenyewe, yanadondoka baharini, na mimi mikono iko kwenye kamba siwezi kuja." Akalitazama tena begi. "Nilitaka nizione siku arobaini zikitimia. Hata kama ni za mtu mwingine."

Nililia mbele yake waziwazi. Kisha nikachukua simu, nikamwambia fundi mwenzangu kwamba anayeitaka meza aikalie, nitakuja kumwinua mwenyewe zikitimia siku zangu. Begi nikalisukuma chini ya kitanda.

"Kaa, mama," nikasema.

"Nina maharage jikoni."

"Ulikaa tisa. Zimebaki thelathini na moja, na ni zako."

"Tutaanza kesho. Leo nina maharage."

Alisema hivyo huku anashuka, mkono mmoja ukutani, goti moja, la pili, mpaka akaketi kwenye mkeka wangu na kunyoosha miguu. Nikampa pedi ya gemu, nikamwonyesha kitufe. Akakibonyeza kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama anayepiga muhuri. Mwenye mkuki akaketi karibu na moto. Bibi akaacha kutwanga.

Harufu ya maharage yanayoungua ilipofika chumbani, tulitazamana. Hakuinuka.