Cherehani ya Mama Zaina

Nakumbuka mlio kwanza, mwanangu, kabla sijaona chochote: tiki-tiki-tiki ndani ya ukungu wa Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, kama mvua ndogo juu ya mabati. Ukungu ulipofunguka, nikamwona Mama Zaina, mjane aliyeshona sare za shule na kanzu za Idi, amekaa barazani kwake na cherehani yake.

Nilikuwa msichana mbichi, nimerudi kutoka chuo cha siasa, kichwa kimejaa moshi wa Ulaya. Tulifundishwa kwamba zamani huko wafumaji walifuma majumbani mwao, kwa vyombo vyao wenyewe. Vikaja viwanda vya mvuke, vyombo vidogo vikafa njaa, mfumaji akabaki na mikono tu ya kuuza. Mwenye mashine akala jasho la asiye nayo. Ndipo wasomi wengine wakasema: mashine ziwe za wanaozifanyia kazi. Maneno hayo yalinikaa rohoni kama wimbo.

Kijiji chetu kilikuwa kimeingia Ujamaa, nami nikaanza kumtafuta bepari wetu. Bonde zima sikumwona ila Mama Zaina. Si alikuwa na mashine? Mkutanoni nikasimama, nikataka cherehani ile iwe mali ya kijiji. Wakapiga makofi. Ikabebwa hadi ghalani, ikakaa kati ya magunia ya viazi, maana hakuna mwingine aliyejua kushona. Ah, akili nyingi huondoa maarifa.

Kesho yake Mzee Shemboza akaniita. Ujana wake aliumaliza huko chini tambarare, kwenye korona, mashine ya kukamua mkonge. Vidole vyake viwili vilibaki huko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bepari."

"Mimi, baba?"

"Wale wafumaji wako wa Ulaya, nani aliwaachisha vyombo vyao?"

"Wenye viwanda."

"Na Mama Zaina?"

"Ni mimi, baba."

"Korona ilikuwa na mwenyewe. Ilikula vidole vyangu, naye hata sura yake sikuijua. Mama Zaina anaendesha cherehani kwa mguu wake mwenyewe. Ulichosoma ni kweli, mwanangu, ila umekining'iniza kichwa chini kama popo."

Nikarudi mkutanoni kukiri. Walinicheka mpaka machozi: "Mwalimu wa siasa kafeli!" Wakakubali irudi kwa mwenyewe; nikaibeba cherehani kichwani, nikapanda nayo mlima.

Mwanangu, elimu ile ilizaliwa na uchungu wa watu walionyang'anywa kazi ya mikono yao. Kabla hujamwita mtu mnyonyaji, uliza anakula jasho la nani. Ukikuta ni lake, mwache ale. Mnyonyaji wa kweli mara nyingi yuko mbali, na jirani ni rahisi kumshika.

Mama Zaina aliipokea mashine yake, akaipangusa vumbi la viazi kwa upindo wa khanga. Aliloniambia nakupa nawe liwe baraka: "Mungu akufumbue macho, mwanangu, na mikono yako isikose kazi."

Nikashuka ngazi. Nilipogeuka kumuaga, mlango ulikuwa umeshafungwa: baraka alikuwa amenipa, kiti barazani kwake bado.