Nyimbo za Dada Nilizozipindisha

Dada yangu alikuwa manju, mwimbishaji wa ngoma za harusi hapa Kwaluguru. Siku chache kabla ya kila harusi alikwenda kwa kina bibi harusi, akaketi nao jikoni kuchambua mchele, huku akiuliza habari za ukoo. Akirudi alikuwa na wimbo. Hakuandika popote. Tulikuwa tukitwanga pamoja, yeye anaanzisha, mimi naitikia, na hivyo zile nyimbo zikakaa vichwani mwetu wawili. Alipofariki zikabaki kwangu peke yangu.

Arobaini yake ilikuwa bado haijafika siku alipokuja mwanamke kutoka Manundu. Nilimwona akishuka kwenye bodaboda, akasimama pembeni ya mihogo na kufuta viatu vumbi kwa leso kabla ya kupiga hodi. Nikajiambia, mtu anayejiandaa hivi ana jambo.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Nimekuja kuomba nyimbo za marehemu."

Aliomba hivyo hivyo, kama mtu anayeomba chumvi. Akaeleza kwamba anaongoza kikundi cha wanawake wanaoimba kwenye harusi, na kwamba siku hizi watu wanataka spika tu. "Wakituita, wanatuweka huko kwenye masufuria. Tukiwa na nyimbo za manju wa kweli, labda watatusikiliza."

Maneno yalikuwa mazuri, na mimi maneno mazuri nayaogopa. Zamani kidogo kijana mmoja alimwekea dada simu mdomoni kwenye harusi, akasema ni kumbukumbu tu. Baadaye tukiwa sokoni Korogwe tukaisikia sauti yake ikitoka kwenye spika ya kibanda, imetiwa kinanda. Dada akacheka. Kisha akageuka, tukarudi nyumbani bila kununua kitu. Sikumsahau kijana yule. Sasa dada yuko kaburini, na huyu wa viatu safi amekuja na daftari.

Ningeweza kumkatalia. Badala yake nilimkaribisha, nikampa kigoda, nikamfundisha nyimbo zilizopinda.

Kwetu Wazigua wimbo wa harusi unaanza upande wa mama wa binti: bibi yake, mama zake wakubwa na wadogo, mjomba wake. Kisha baba. Watu wa bwana harusi wanaingia mwisho kabisa, tena kwa utani. Mgeni wangu ni Msambaa, asili yake milimani, hakuyajua hayo. Nikamgeuzia. Nikawatanguliza watu wa bwana harusi kwa sifa zote, na upande wa mama nikauficha mwishoni kwenye mstari mmoja. Kila alipouliza, "Ni hivi, mama?" nilijibu, "Ni hivyo hivyo." Siku tatu alikuja, siku tatu nilidanganya. Nilitaka akiimba watu wajue kwamba si zake.

Harusi ya kwanza waliyoziimba ilikuwa Kwamsisi, na mimi nilialikwa. Spika mbili ndefu zilisimama mbele, kile kikundi kimewekwa karibu na masufuria kama alivyosema. Nafasi ya kuimba waliipata kwa sababu jenereta lilizimika. Walianza vizuri, sauti zao zilipangika, kina mama wakaanza kusogea. Kisha wakafika kwenye majina.

Mama mkubwa wa bibi harusi akainuka. "Acheni! Huyu mtoto mlimwokota njiani? Hana mama?"

"Waacheni waimbe!" walicheka watu wa bwana harusi. "Leo wametuona!"

Yule mwanamke wa Manundu akasogea mbele. "Samahani, mama yangu. Ndivyo tulivyofundishwa. Ni nyimbo za marehemu, yule manju wa Kwaluguru."

"Basi marehemu wenu hakuwa manju. Alikuwa mpiga makelele."

Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi. Nilikuwa nimetega mtego kwa ajili ya mwizi, na aliyenaswa ni dada yangu. Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Jenereta likawaka, muziki ukafunika kila kitu.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, kisha nikaenda Manundu. Nilimkuta anafua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa.

Alisikiliza mpaka mwisho, akakamua nguo, akaianika. "Mama, binti yako ameolewa?"

"Ameolewa."

"Nani aliimba?"

Swali hilo sikulitegemea. "Tulikodi spika," nikasema.

"Na marehemu?"

"Alikata vitunguu."

Akachukua nguo nyingine, akaendelea kufua. Nilikuwa nimemlinda dada asiibiwe na watu wa nje, na kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe sikumpa hata wimbo mmoja. Nilimwambia dada wakati ule kwamba vijana wanapenda spika. Akajibu, "Sawa, mdogo wangu," akatafuta kisu. Manju asiyeitwa anaendelea kuimba kwa muda, akitwanga, akipalilia, mwisho nyimbo zinamwishia mdomoni. Yule kijana wa simu alichukua wimbo mmoja. Sisi wa nyumbani tulizima zilizobaki, bila kuiba chochote.

"Nifundishe za kweli," akasema yule mwanamke. Halafu akanitazama. "Lakini nitajuaje kwamba ni za kweli?"

Ilibidi tumtafute mtu ambaye hana sababu ya kunipendelea. Tukaenda Kwamsisi kwa yule mama mkubwa. Alitupokea kwa uso mgumu, akasikia ungamo langu, akaniamuru niimbe palepale uani. Niliimba kwa sauti yangu ya kuitikia, maana ya kuanzisha sina. Alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Hiyo sawa," akasema. "Lakini mimi nilimtukana mbele ya watu. Na wewe utamsafisha mbele ya watu, si hapa kwa kuku."

Akakiita kikundi kwenye harusi ya binti mwingine wa ndugu yake, hapo hapo Kwamsisi, akaagiza wawekwe mbele. Mshereheshaji alinipa kipaza sauti kwa shingo upande. "Mama, dakika mbili tu, watu wana njaa." Nikasema: nyimbo zilizochekwa hapa nilizipindisha mimi, kwa makusudi, dada yangu alijua kazi yake. Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Mwanamke huyu!" Kisha kikundi kikaanza, upande wa mama kwanza, na mama mkubwa akaitikia kabla ya wengine.

Tangu hapo kikundi kinaitwa, si kila mara, lakini kinaitwa. Mimi nikisema jambo kijijini, watu humuuliza jirani yangu kwanza kama ni kweli. Siwalaumu. Jina la dada ni safi; la kwangu litachukua muda.