Kimya Kilichotuletea Ng'ombe

Zamani mume wangu aliuza maharage kwa kunyamaza. Mnunuzi wa kutoka Manyovu akitaja bei, yeye anaangalia gunia kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza, hajibu. Kwenye gulio la Kasulu kila mtu aliijua sheria: bei ikishatajwa, atakayefungua mdomo kwanza ndiye anayeumia. Mimi mdomo wangu mwepesi, kwa hiyo nilipewa kazi ya kupima madebe, na nilihesabu mara mbili, maana binadamu ana tabia ya kukosea kuelekea upande wa faida yake.

Ndiyo maana kimya cha ugonjwa kilipoanza hakuna aliyekishtukia. Wanunuzi waliongeza bei, sisi tukapokea. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka ndipo tukaenda hospitali, na daktari, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akasema ni ugonjwa wa Parkinson.

Nikadhani ni mambo ya mikono na miguu tu. Kumbe maneno nayo yalikuwa yanamponyoka. Alikuwa anaanza, "Niletee ile..." halafu anakwama, na mimi nishafika: "Maji? Shuka? Redio?" Nilimletea nyumba nzima kipande kimoja kimoja, kama machinga, na kila kitu alikitazama kwa uso uleule mkavu, kwa sababu uso nao ulikuwa umeacha kucheka. Mwishowe akaacha kuomba. Watu wawili wakiongea kwa pamoja, anapotea. Nikimwuliza kama atakula sasa au baadaye, na papo hapo nikaunganisha kama maharage ya Kibondo niyauze au niyaweke, ananitazama kama mtu aliyetupiwa magunia mawili kwa mpigo. Kiha au Kiswahili, ugonjwa haukuchagua.

Nikarudi kwa daktari.

"Dawa ya mikono nimeiona inasaidia. Ya maneno ni ipi?"

"Kwa maneno dawa haisaidii sana, mama. Lakini maneno yapo, yanachelewa kutoka. Na mawazo yapo, yanakwenda kwa mwendo wake. Mwulize jambo moja, kisha msubiri."

"Nimsubiri mpaka lini?"

"Mpaka amalize."

Nilijaribu kumshusha mara mbili, hakushuka. Sijakutana na muuzaji mgumu kama yule.

Tukiwa katika hali hiyo ikaja posa kutoka Kibondo. Binti yetu alikuwa anasomea uuguzi, amebakiza mwaka wa mwisho. Kijana mwenyewe binti alimtaka, hilo halikuwa na ubishi, ila alimwomba baba yake jambo moja: kwenye kikao cha mahari aseme kwamba ndoa isubiri mpaka amalize chuo. Kwenye kikao hicho kwetu binti haongei, wala mama yake. Anaongea baba, na kikishafungwa hakifunguliwi tena.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaja na sura ya msiba.

"Shemeji, tusidanganyane. Kaka hawezi. Atatuaibisha mbele ya wakwe. Nitasema mimi."

Binti yetu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua hata kichwa. "Baba mdogo, wewe utaniuza tu."

"Basi si nitakuuza vizuri!"

Tukacheka, tukahamia habari za nani ataleta viti. Ndipo mume wangu, kwenye kona yake, akasema kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye chumba cha pili: "Nitasema... mimi."

Nikakaa na shemeji tupatane. Yeye awakaribishe wageni, awasalimie, awapigie zile hadithi zake ndefu. Likija jambo lenyewe, asubiri.

"Nisubiri mpaka lini?"

Jibu la daktari asingelinunua. Nikampa la sokoni. "Hesabu ishirini kimoyomoyo. Halafu unarudia, hesabu ya pili."

"Kumi."

"Ishirini mara mbili, na paja la mbuzi unaondoka nalo."

"Haya. Lakini liwe la nyuma."

Siku ya kikao nilikuwa jikoni na wifi zangu, tumejipanga nyuma ya pazia. Shemeji alikaribisha, alisalimia, alisimulia. Kisha mshenga wao, mwalimu mstaafu mwenye koo la kengele, akasema, "Wazee wetu, kijana amekuja na ng'ombe wanne."

Wote wakamgeukia mume wangu. Kimya. Nikaanza kuhesabu. Kupitia pazia nilikiona kidole chake kikicheza juu ya goti, na ule uso mkavu. Kwa mtu asiyemjua, yule alikuwa mzee aliyetukanwa. Wazee wa Kibondo wakanong'onezana. Mshenga akakohoa.

"Tumekuelewa, mzee. Watano."

"Tumekubali!" Shemeji alikuwa ameshasimama. Makofi yakapigwa, wifi mmoja akanipigia kigelegele ndani ya sikio. Katikati ya zile kelele nikaona midomo ya mume wangu inasogea, na hakuna aliyemsikia. Kikao kilikuwa kinafungwa pale pale. Binti yangu angeolewa kabla ya mtihani, tena kwa bei nzuri.

Sikuingia. Miguu yangu niliiacha jikoni kama inavyotakiwa, mdomo nikauvusha pazia.

"Shemeji! Hesabu ya pili bado!"

Wageni hawakuelewa kitu. Shemeji alielewa. Akakaa polepole, kama mtu anayekalia sahani, na makofi yakafa moja moja.

Tukasubiri. Sikuhesabu tena.

"Sikukataa... wanne," mume wangu akasema. "Nilikuwa natafuta... neno." Akapumzika. "Wa tano... rudini naye. Mtoto... amalize chuo. Kwanza."

Mshenga akainama mbele. "Mzee, unarudisha ng'ombe?"

Mume wangu akanyamaza, na safari hii hakuna mtu wa Kibondo aliyethubutu kuongeza chochote. Hata shemeji alikuwa ameufumba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

"Amalize."

Mshenga akawageukia wenzake, wakatazamana, akarudi na jibu. "Amalize, mzee. Tutasubiri."

Wakati wa kula shemeji alinifuata hadi kwenye masufuria. "Ng'ombe mzima, shemeji! Mzima!"

"Nilimhesabu. Alipoingia na alipotoka."

Alirudi kukaa na wageni, mimi nikiwapelekea mchuzi. Mazungumzo yalikuwa yameshafika mbali, kwenye barabara ya Kakonko na bei ya mbolea. Mume wangu akaweka kijiko chini. Nikajua anatafuta.

"Maji, kaka?" Shemeji alikuwa ameshashika jagi. "Chumvi?"

Nikamkanyaga mguu.

Meza nzima ikasubiri, wengine bila kujua wanasubiri nini.

"Ng'ombe wa kuongezwa," mume wangu akasema, "huwa... amekonda."

Mshenga ndiye aliyecheka kwanza, na alicheka kama mtu anayemfahamu ng'ombe mwenyewe.