Mstari wa Kalsiamu

Ijumaa hiyo nilikuwa nyumbani Manga, hasira zimenifika kooni. Msimamizi wa tasnifu yangu alikuwa ameniandikia: ule mstari wa kalsiamu ni vumbi la njiani tu, lililo kati ya nyota na sisi, ufute, ulete kazi Jumapili jioni. Nikichelewa, ningengoja mwaka mwingine.

Kazi yenyewe ni kutawanya mwanga wa nyota hadi uwe kama upinde wa mvua, kisha kusoma mistari myeusi iliyomo. Kila kemikali ina mistari yake. Yangu ilikuwa nyota kibete nyeupe, kiini kilichobaki baada ya nyota kujimaliza, na hewa yake ilitakiwa kuwa haidrojeni tupu. Vitu vizito huzama humo upesi. Sasa kalsiamu ilitoka wapi?

Jua lilipokaribia kuzama nilikuwa karibu kukubali kuufuta, mama akasimama mlangoni. "Funga hiyo kitu. Sabato inaingia." Na profesa ningebishana, si na mama. Nikafunga, nimenuna.

Kesho yake tulipotoka kanisani tulipitia mbuzi wetu kule ukingoni mwa mteremko. Kati yao nikaona mmoja wa kahawia nisiyemjua, nikaokota kijiti nimfukuze.

"Mwache," mama akasema. "Wapeleke nyumbani, tuone anatembea na nani."

Alitembea na wetu, hatua kwa hatua, akawa wa kwanza kuingia langoni. Kumbe alizaliwa nikiwa chuoni. Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. "Msomi anafukuza mali yake."

Nami nimesimama pale, kijiti mkononi. Nyota ile inatukimbia, na mwendo wake husogeza mistari yake yote kuelekea rangi nyekundu. Vumbi la njiani lingekuwa na mwendo wake lenyewe. Mbona sikupima kalsiamu inatembea na nani?

Sijawahi kuona jua likikawia vile. Lilipozama nilifungua kompyuta. Haidrojeni na kalsiamu zilikuwa zimesogea pamoja, sawasawa. Kalsiamu ilikuwa ya nyota. Nililia, na sioni haya kusema. Maana yake ni kwamba kulikuwa na dunia ya mawe huko, ikavunjika, vipande vyake vikaiangukia nyota, tena juzijuzi tu kwa hesabu za mbinguni, la sivyo kalsiamu ingekuwa imeshazama. Na habari zake zilikuwa zimefika mezani kwetu, kando ya kikapu cha majani chai.

Nilituma vipimo. Asubuhi msimamizi akajibu kwamba nisifute, ataniombea muda.

Nilimweleza mama yote akikamua ng'ombe, hata kwamba nilikaribia kuufuta ule mstari. Nikamwambia kalsiamu ni hiyohiyo iliyo katika maziwa yake na katika mifupa yetu. Mikono yake ikatulia.

"Na hiyo dunia iliyovunjika, ilikuwa na wenyewe?"

Nikasema sijui, na hakuna mstari utakaoniambia.

Akaanza kukamua tena. "Na wewe ulikuwa unataka kuifuta," akasema.