Fundo Moja Nyekundu, Mawili Kijani

Jumamosi nashuka ngazi za ploti yetu ya kupanga hapa mtaani Tassia, mtoto mgongoni, nakuta mume wangu mlangoni kwa jirani, yule mama anayeshona nguo. Jirani amemshika kidole, anakipitisha ndani ya kola ya fulana polepole, na mume wangu amefumba macho! Nikajiona nimeshaachwa, mimi na mtoto.

"Fundo moja, nyekundu," jirani akasema. "Mawili, kijani."

"Mnafanya nini?" Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

"Mama mtoto, tulia," mume wangu akasema, mitumba anayochuuza imejaa miguuni pake. "Nyekundu na kijani mimi naziona sawa, tangu utotoni. Mteja akiitisha nyekundu nampa kijani, anadhani namchezea. Ndiyo maana jirani ananifungia mafundo ya uzi ndani ya kola, niyasome kwa kidole."

"Na mimi hukuniambia?"

"Niliogopa utanicheka."

"Na huyu hukumwogopa?"

"Huyu si mke wangu."

Akina mama wenzangu, hilo ni jibu la kunituliza au la kunichoma? Mambo ya rangi nimeelewa: si uzembe, amezaliwa hivyo. Lakini kwamba mwanamke mwingine alijua kabla yangu, hilo limenikwama kooni mpaka leo.

Nikamnyang'anya jirani sindano, nikamwambia kuanzia sasa mafundo nitafunga mimi.

"Afadhali," akasema, akapiga miayo. "Vidole vimeniuma."

Eti afadhali! Angalau angenuna kidogo.